Mhariri wa kromosomu ya 22

Herufi moja iliwahi kuninyima usingizi wiki mbili. Nilikuwa msomaprufu wa gazeti moja jijini Dar es Salaam, enzi zile peji zinachapwa kwenye karatasi kubwa, zinaletwa mezani zikinuka wino, nawe unazipitia kwa kalamu nyekundu huku mhariri wa zamu amekusimamia kichwani kama mdai. Ukurasa wa tano ulikuwa na habari fupi ya mwenyekiti wa chama cha ushirika. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba mwenyekiti huyo, baada ya miaka sita ya ugane, "ameoa tena". Gazeti lilipotoka asubuhi likasema mwenyekiti "ameua tena".

Kama si ile "tena", pengine tungejitetea.

Nani aliyegeuza O kuwa U kati ya meza yangu na mtambo, sijui hadi leo. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo siiamini herufi yoyote mpaka niiguse kwa ncha ya kalamu. Ndiyo maana mwaka jana, nikiwa sasa nahariri nyumbani vijitabu vya afya na ripoti za watu, sentensi moja ilinikwamisha asubuhi nzima. Ilikuwa katika makala ya wasomaji wa kawaida kuhusu kinga ya mwili, nayo ilisema hivi: "APOBEC3G ni jeni ya binadamu inayotengeneza protini ya familia ya kuhariri RNA."

Kisarufi haina kasoro. Nukta ipo, viambishi vimekaa sawa. Lakini "kuhariri" lilinikera. Hiyo ni kazi yangu. Najua maana yake. Protini inahariri nini, kwa idhini ya nani, na nani anaipitisha peji?

Nikampigia mpwa wangu, yuko Mwanza, kazi yake maabara.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu niambie, hii APOBEC3G inahariri nini?"

Akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Mjomba, hiyo haihariri. Inaharibu. Tena inaharibu kwa makusudi, na tunaishukuru."

Kati ya kuhariri na kuharibu hapana mbali, ni herufi mbili tu mwishoni. Nikamwambia ongea, leo dakika ninazo.

Jina lenyewe ndilo chanzo cha mkanganyiko. APOBEC ni vifupisho vya Kiingereza vilivyobanwa pamoja, na ukivifungua unapata kimeng'enya kinachohariri RNA (nakala ya jeni ambayo seli huisoma ili kutengeneza protini) ya apolipoprotini B. Kwa hiyo hadithi ya APOBEC3G, mlinzi wa damu dhidi ya virusi, inaanzia mahali pasipotarajiwa kabisa: kwenye mafuta ya chapati.

Ukila chapati, utumbo unapaswa kuyaingiza mafuta yake mwilini, na mafuta na maji hayapatani, kwa hiyo lazima yabebwe. Protini inayosimama katikati ya mzigo huo ni apolipoprotini B. Ini nalo lina mafuta yake ya kusafirisha, nalo linatumia protini yenye jina hilohilo, ila yake ni kubwa kuliko ya utumbo: ya ini ina asidi amino, yaani matofali ya protini, 4,536, ya utumbo 2,152, karibu nusu. Nusu yenyewe ni ya mwanzo, neno kwa neno, halafu inakatika ghafla. Swali likawa: je, kuna jeni mbili, ndefu na fupi?

Mwaka 1987 makundi mawili ya watafiti, moja London na jingine Houston, yalitoa jibu ambalo msomaprufu yeyote angelipenda. Jeni ni moja. Nakala ya RNA inayotoka humo ni moja. Lakini ikiwa kwenye utumbo, herufi ya 6,666 ya nakala hiyo inabadilishwa: C inafanywa U. Neno la herufi tatu lililosomeka CAA, lenye kuagiza asidi amino iitwayo glutamini, sasa linasomeka UAA. Na katika lugha ya seli UAA ni nukta. Mtambo wa kutengeneza protini ukifika hapo unaachia kazi. (Mzungu lazima afundishwe kwamba UAA maana yake ni kukatisha. Mswahili anaisoma tu.)

Kimeng'enya kinachofanya badiliko hilo kilipatikana mwaka 1993, kikaitwa APOBEC1. Huyo ndiye mhariri halali wa ukoo: anagusa herufi moja kati ya maelfu, mahali palepale kila siku, na matokeo yake yana faida. Ningemwajiri.

Kisha wakaja wadogo zake. Mwaka 2002, watafiti waliokuwa wakiichambua kromosomu ya 22 ya binadamu walionyesha kwamba sehemu moja yake ina mlolongo wa jeni zilizosongamana kama vyumba vya nyumba ya kupanga, zote zinafanana, na zote zinafanana na APOBEC1. Zilipewa jina la ukoo, namba 3, na herufi moja moja. Leo zinahesabiwa saba: A, B, C, D, F, G, H. E haimo. Ilidhaniwa ni jeni kamili, baadaye ikaonekana ni kipande cha D, na hakuna aliyejisumbua kuzipanga upya herufi. Panya ana moja tu ya aina hiyo. Sisi na nyani tumejaliwa vyumba vingi.

Sasa angalia walivyopewa jina. Hakuna aliyekuwa amewaona wakihariri RNA. Walifanana sura na kaka yao, basi wakarithishwa na kazi yake, kama kijana anayeitwa Fundi kwa sababu babu yake alikuwa seremala, naye hajui hata kushika msumari. Maelezo mafupi ya jeni yaliyoandikwa kipindi kile yakasema kwamba huenda protini hizi zinahariri RNA. Yakanakiliwa. Yakanakiliwa tena. Miaka ishirini baadaye "huenda" imeanguka njiani, na sentensi iko mezani kwangu ikidai kupitishwa.

Mwaka uleule wa 2002, watu wengine wasiojali kabisa mafuta ya chapati walikuwa wanasumbuliwa na fumbo lao.

Virusi vya UKIMWI vina jeni tisa tu. Ni kama msafiri aliyebeba mkoba wa plastiki. Kila kilichomo kina sababu. Mojawapo ya hizo tisa inatengeneza protini ndogo inayoitwa Vif, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua ni ya nini. Ukivinyang'anya virusi Vif, tabia yao inakuwa ya ajabu. Kwenye aina fulani za seli vinastawi kama kawaida. Kwenye nyingine havisambai kabisa.

Mfano uliowaumiza vichwa ni wa seli mbili za ukoo mmoja. Ya kwanza inaitwa CEM, inatokana na damu ya mtoto wa kike wa miaka minne aliyekuwa na saratani ya damu, na imekuwa ikikuzwa kwenye chupa za maabara tangu miaka ya 1960. Ya pili, CEM-SS, ilitokana na hiyohiyo CEM. Mama na binti. Virusi visivyo na Vif vilistawi kwa binti, vikafa njaa kwa mama.

Mpwa wangu aliniuliza: "Mjomba, hapo ungesema nini? Binti ana kitu kinachowasaidia virusi, au mama ana kitu kinachowazuia?" Nikasema sijui. Akasema hata wao hawakujua, mpaka mwaka 1998 walipoziunganisha seli za aina mbili zikawa seli moja, na seli hiyo mseto ikafuata tabia ya aina inayokataa. Anayekataa ndiye mwenye kitu. Na Vif kazi yake ni kukinyamazisha.

Kilichobaki ni kukisaka. Ann Sheehy na wenzake, katika maabara ya Michael Malim huko Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walifanya jambo ninaloliheshimu sana kwa kuwa ni usomaprufu mtupu: walizilaza nakala za jeni za mama kando ya nakala za jeni za binti, wakafuta kila kilichofanana, wakaangalia kilichosalia. Kikasalia kimoja wakakiita CEM15. Walipomtia binti CEM15, naye akaanza kukataa. Makala yao ikatoka kwenye jarida la Nature mwaka 2002. CEM15 ndiyo APOBEC3G, chumba cha G pale kwenye kromosomu ya 22.

Mwaka uliofuata ikajulikana inafanya nini, na hapa ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti.

APOBEC3G haipigani na virusi seli inapovamiwa. Inavisubiri vinapojipakia kuondoka. Chembe mpya za virusi zinapofungwa ndani ya seli, molekuli chache za APOBEC3G, za kuhesabika kwa vidole, zinajipenyeza ndani ya mzigo, kama utingo anayerukia lori gari likishaanza kutembea. Chembe inatoka ikiwa nzima. Ukiitazama huoni kasoro. Inafika kwenye seli nyingine, inaingia, na inaanza kazi ambayo bila hiyo haiwezi kudumu: kunakili RNA yake kuwa DNA ili ijichomeke kwenye kromosomu za mwenyeji.

Hapo utingo anashuka. Uzi wa kwanza wa DNA unapotengenezwa uko peke yake, bado haujapata pacha wa kuufunika. APOBEC3G inaupanda uzi huo na kutembea juu yake ikitafuta C, hasa C inayotanguliwa na C nyingine. Ikiipata, inaing'oa kipande kidogo chenye naitrojeni, kwa msaada wa maji na atomu moja ya zinki iliyokaa katikati ya kimeng'enya, na C inakuwa U. Kisha nyingine. Kisha nyingine. Uzi wa pili unapokuja kunakiliwa kutoka kwa huu ulioharibiwa, kila penye U panasomwa vibaya, na kila palipostahili G panaandikwa A.

Kwa hiyo ukiisoma DNA ya mwisho unachokiona ni G nyingi zimekuwa A. Nilimwomba mpwa wangu anionyeshe ubaya wake kwa lugha ninayoielewa. Akaniandikia kwenye simu:

Gari la gazeti liligonga geti la gereji.

Halafu chini yake, kila G imefanywa A:

Aari la aazeti liliaonaa aeti la aereji.

Nikaangalia mstari ule muda mrefu kidogo. Hakuna mhariri duniani anayeweza kuurudisha bila kuuona wa kwanza. Na kwa virusi ni vibaya zaidi, kwa sababu maneno yao ni ya herufi tatu. TGG (kwenye DNA, T hukaa mahali pa U ya RNA) inaagiza asidi amino iitwayo triptofani. APOBEC3G inapenda G mbili zikifuatana, inaigeuza ile ya kwanza, TGG inakuwa TAG, na TAG ni nukta, dada yake UAA. Kwa hiyo si kwamba sentensi za virusi zinakosewa tu; zinakatwa katikati, hapa, na hapa, na pale. Protini inaanza kutengenezwa, inaachwa. Virusi vimeingia nyumbani, vimejichomeka hata ukutani, lakini vimebaki maandishi yasiyosomeka.

Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kukereka na sentensi ile. Kinachoharibiwa ni DNA, si RNA. Nikachukua kalamu.

Lakini virusi havikuja mikono mitupu. Vina Vif. Nilidhani Vif inapigana na APOBEC3G, inaifunga au inaiziba mdomo. Hapana, ni fitina. Kila seli ina utaratibu wake wa usafi: protini iliyochakaa inabandikwa alama ndogo iitwayo ubikwitini, na yenye alama hiyo inapelekwa kwenye mtambo wa kusagasaga, proteasomu. Vif inakwenda kwa watu wa usafi wa seli yenyewe, inamshika APOBEC3G mkono mmoja na mbandika alama mkono mwingine, inawakutanisha. Ni kama jirani anayekuchongea kwa mwenye nyumba mpaka vitu vyako vinatolewa nje, na yeye hakuinua hata kiti. Utingo anasagwa kabla lori halijaondoka.

Nilipofika hapa sikuendelea na kazi siku hiyo.

Kwetu ni Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa huko mwaka 1983, na kabla ugonjwa haujapata jina la kitabibu watu waliuita Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vikivushwa kutoka Uganda na wafanyabiashara wa mpakani. Nami nimelitamka jina hilo utotoni bila kujua natamka nini. Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa lori la kahawa. Alikonda mpaka saa yake ya mkononi, ile ya mkanda wa chuma, ikawa inapanda na kushuka kwenye mkono hadi kiwikoni, nasi watoto tuliona ni mchezo. Alikuwa akiinua mkono juu kutuchekesha na saa inateleza. Alikufa mwaka 1991. Dawa za kufubaza zilianza kutolewa bure kwa mpango wa taifa mwaka 2004.

APOBEC3G alikuwa nayo. Kila mtu anayo. Seli zake za kinga zilikuwa zikiitengeneza mpaka siku ya mwisho, asidi amino 384 zimepangwa sawasawa, na zilikuwa zikiisaga zenyewe kwa agizo la mtu mwingine. Sijui kwa nini jambo hilo lilinigusa kuliko yote niliyowahi kuyasoma kuhusu UKIMWI. Labda kwa sababu miaka ile mazungumzo yote yalikuwa ya tabia: nani alilala wapi, nani alikwenda Uganda, nani alivaa nini. Hakuna aliyewahi kusema mezani kwetu kwamba mwili wa baba mdogo ulikuwa na silaha, na kwamba ulifitiniwa.

Jioni ile mpwa wangu alinitumia ujumbe mwingine, nadhani alisikia sauti yangu. Ulihusu tumbili.

Tumbili wetu hawa wanaoiba ndizi na kukaa juu ya paa wana virusi vyao, ndugu wa VVU, na wanaishi navyo bila kuugua. Nao wana APOBEC3G. Ukiilinganisha na yetu zinafanana sana, lakini Vif ya VVU haiwezi kuifitini ya tumbili. Watafiti walitafuta tofauti iko wapi, na mwaka 2004 wakaonyesha kwamba mzizi wa jambo upo kwenye nafasi moja, ya 128. Binadamu pale ana asidi amino iitwayo aspatiki. Tumbili ana lisini. Ukiibadilisha ya binadamu hapo tu, ikawa lisini kama ya tumbili, Vif ya VVU inashindwa kuishika. Na kinyume chake pia: Vif ya virusi vya tumbili haiwezi kuigusa yetu, ambayo ni moja ya sababu virusi hivyo havijawa vyetu licha ya karne na karne za watu na tumbili kugombania shamba moja.

Sokwe ndiye aliyetuponza. APOBEC3G yake iko karibu mno na yetu, na virusi vyake vilikuwa vimeshajifunza kuifitini kabla havijamfikia mtu huko kusini-mashariki mwa Kameruni, vikashuka mtoni na kuanza kusambaa Kinshasa karibu mwaka 1920. Nafasi moja kati ya 384. Ameoa, ameua.

Hakuna hadi sasa dawa iliyofika dukani ya kuizuia Vif, ingawa wazo ni rahisi hata mimi nalielewa: mnyamazishe mchongezi, mwache utingo afanye kazi yake. Dawa zilizopo zinavizuia virusi kwa njia nyingine, na zinavizuia vizuri.

Niliituma sentensi yangu mpya kwa mpwa wangu nikitarajia sifa. Nilikuwa nimeandika kwamba jina limekosewa, APOBEC3G haihariri RNA hata kidogo, inaharibu DNA ya virusi. Akajibu: "Mjomba, futa 'hata kidogo'."

Kumbe kuanzia mwaka 2015 imeonekana kwamba ndugu yake wa chumba cha A, APOBEC3A, anahariri RNA za seli kwenye baadhi ya seli nyeupe za damu, hasa zikikosa oksijeni ya kutosha, na baada yake hata G mwenyewe akakamatwa akibadilisha herufi za RNA katika mazingira fulani ya maabara. Kwa hiyo lile jina la urithi, walilopewa kwa sura tu, lilikuwa na chembe ya ukweli ambayo waliolitoa hawakuwa nayo mkononi. Fundi, naye kumbe msumari anaweza. Nilifuta "hata kidogo". Nakiri niliifuta kwa shingo upande.

Ukitaka kuona mkono wa ukoo huu bila darubini, nenda Kamituga.

Kamituga ni mji wa machimbo ya dhahabu mkoani Kivu Kusini, Kongo, mahali ambapo Kiswahili ndicho lugha ya shimoni, ya baa na ya soko. Septemba 2023 walianza kuonekana huko wagonjwa wa mpox, wengi watu wazima, upele ukiwa sehemu za siri. Mpox inajulikana Kongo tangu mwaka 1970, na mazoea yalikuwa kwamba inatoka kwa mnyama wa porini, inampata mtu mmoja au familia, inazimika. Je, hii nayo ni ya porini, imeingia mara nyingi? Au imeingia mara moja na sasa watu wanaambukizana?

Jibu lilisomwa kwenye herufi. Virusi vya mpox ni tofauti kabisa na VVU: ni vya DNA, vina herufi karibu laki mbili, na kwa kawaida hubadilika pole kama kobe, herufi moja kwa miaka mitatu hivi. Lakini katika mlipuko uliotapakaa duniani mwaka 2022, aina nyingine ya virusi hivyo ilionekana imebadilika kwa kasi ya herufi kama sita kwa mwaka, na mabadiliko yenyewe yalikuwa ya mtindo mmoja: TC imekuwa TT, GA imekuwa AA. Huo ni mwandiko wa jamaa wa kromosomu ya 22. Kwa G, kipenzi ni C baada ya C. Nduguze wengi wanapenda C baada ya T, na hapa walioshika kalamu ni hao. Virusi vinavyokaa kwa wanyama havina mwandiko huo kwa wingi. Kadiri vinavyopita mtu hadi mtu, kila mwili unaweka alama zake nyekundu kidogo, hazitoshi kuviua, zinatosha kuhesabika.

Sampuli za Kamituga zilikuwa na alama hizo. Haikuhitajika kuwauliza wachimbaji na wanawake wa baa walikuwa na nani, jambo ambalo hawangelisema hata hivyo. Virusi vyenyewe vilikuwa vimetiwa saini na miili vilimopita. Kufikia Agosti 2024 vilikuwa vimevuka hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura.

Na kuhusu majina, kwa kuwa ndiyo kazi yangu: Tanzania wengi bado wanaiita homa ya nyani. Nyani hana kesi. Ugonjwa ulionekana kwanza mwaka 1958 kwa nyani waliokuwa wamefungiwa maabara huko Copenhagen, na wanaoshukiwa kuufuga porini ni jamii ya panya na kuchakulo. Ugonjwa huo nao ulipewa jina kwa sababu ya mahali ulipokutwa.

Ningependa kuishia kwenye sifa, lakini ukoo huu una aibu yake nyumbani. APOBEC3A na 3B hukaa au huingia kwenye kiini, palipo na DNA yetu wenyewe, na wakati mwingine kalamu inakosea peji. Tangu mwaka 2012 wasomaji wa DNA ya saratani wamekuwa wakikuta mwandiko uleule, C baada ya T imegeuzwa, kwenye uvimbe wa titi, wa kibofu, na zaidi sana wa mlango wa kizazi. Saratani hiyo inasababishwa na virusi vya HPV, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba seli huiamsha APOBEC kupambana na virusi, nayo inamkwaruza na mwenye nyumba. Binti wa jirani yangu alichanjwa HPV shuleni. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Kabla hajachanjwa, mama yake aliniuliza kama ina madhara. Nilimweleza habari ya kalamu na peji kwa nusu saa, akaniangalia, akasema, "Kwa hiyo achanjwe?" Nikasema ndiyo.

Sentensi ile mwishowe niliiandika hivi: "APOBEC3G ni jeni ya binadamu inayotengeneza protini ya kinga, protini hiyo hujipenyeza ndani ya virusi kama VVU na kuharibu herufi za DNA yake inaponakiliwa, ingawa ukoo wake ulipata jina kutokana na kazi ya kuhariri RNA." Nikaituma pamoja na maelezo ya kurasa mbili kwa aliyenipa kazi.

Jibu lilikuja jioni. Alinishukuru, akasema imependeza, ila mbunifu wa kurasa ameacha mistari miwili tu pale chini ya picha. Kijitabu kimeshatoka. Kinasema: "APOBEC3G ni jeni ya kinga." Na kwenye nakala niliyoletewa, G imechapwa hafifu, mkia wake haukushika wino, ukiitazama haraka unasoma C.

APOBEC3C nayo ipo. Ni chumba cha tatu kutoka mwanzo.